Buruta, alafu fungua uone ndani: niliyoongea na vijana wa Mtwara kuhusu kutengeneza tovuti

(Nimeandika kama nilivyoongea, nimetoa tu sehemu nilizojirudia.)

Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mliokaa huko mbele shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Nashukuru mmekuja, maana leo Jumamosi na kuna waliotoka Mikindani, kuna waliotoka Nanyamba, na kuna dada mmoja kaniambia katoka Newala na gari la alfajiri, we dada karibu sana, sogea ukae karibu na soketi.

Nimeombwa niongee kuhusu hizi programu za kutengeneza tovuti kwa kuburuta, zile unashika kitu na mausi unakipeleka unapotaka, unabandika picha, unabadilisha rangi, tovuti inatokea mbele ya macho yako. Lakini kabla sijafika huko kuna jambo limenikaa moyoni. Mwezi uliopita kijana mmoja wa hapa hapa aliniandikia meseji, anasema kaka mi naona aibu, kwenye kundi letu wenzangu wanaandika kodi (yale maandishi ya kompyuta, siyo kodi ya nyumba), mi naburuta tu, wananiambia hiyo siyo kazi. Ile meseji nilikaa nayo siku mbili sijajua nimjibu nini, leo namjibu mbele yenu wote.

Tim Berners-Lee, yule Mwingereza aliyebuni wavuti akiwa CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi, alipeleka wazo lake kwa wakubwa wake Machi 1989, na mwishoni mwa 1990 akawa na programu yake ya kwanza inayofanya kazi kwenye kompyuta ya NeXT. Sasa sikilizeni hapa. Ile programu haikua ya kusoma tu. Ilikua ya kusoma na kuandika humo humo, yaani unafungua ukurasa, unaweka kishale, unaandika, unachagua mstari unaufanya kichwa cha habari, unaunganisha linki, bila kugusa alama hata moja ya HTML, yale maandishi ya kompyuta yanayojenga ukurasa. Browsa (programu ya kufungulia tovuti) ya kwanza duniani ilikua pia ni programu ya kutengeneza kurasa kwa macho! Shida ni kwamba iliendeshwa kwenye NeXT tu, na kompyuta hizo watu wengi hawakua nazo, kwahiyo zilizokuja kuenea, kama Mosaic ya 1993, zikawa ni za kusoma, na aliyetaka kutengeneza ukurasa ikabidi aandike alama kwa mkono. Kwahiyo mdogo wangu, ukimuona mtu anaburuta usimwambie kaja na njia ya mkato. Hii njia ndo ilitangulia.

Baada ya hapo zikaja zingine, Microsoft wakanunua FrontPage 1996, Macromedia wakatoa Dreamweaver mwishoni mwa 1997 na baadae Adobe wakainunua kampuni nzima, WordPress ikaanza 2003 na ule uhariri wake wa vipande vipande ukaja Desemba 2018, katikati hapo Wix, Webflow, Elementor. Majina hayana shida, mtayazoea. Mnachotakiwa kujua ni kwamba zote zinafanya kazi moja: we unaburuta, yenyewe inaandika HTML na CSS (maandishi ya kupanga muonekano, rangi na nafasi) nyuma yako. Browsa haijui kuburuta. Browsa inasoma maandishi. Yaani hata usipoandika we mwenyewe, kuna maandishi yanaandikwa kwa jina lako, na mi nasema kama kuna barua inaandikwa kwa jina lako basi angalau ujue kuisoma.

Mi nilijifunzia Lindi. Kulikua na intaneti kafe moja unalipia kwa saa, na kwenye mashine moja ya pembeni kulikua na Dreamweaver ya majaribio ya siku 30. Siku thelathini, basi. Na sikua na hela ya kukaa kutwa, kwahiyo nilikua naandika kwenye daftari nyumbani nitakachofanya, nikifika pale nakimbizana na saa. Ile programu ilikua na kitu kimoja nakikumbuka mpaka leo, unaweza kuigawa skrini mara mbili, juu unaona ukurasa ulivyo, chini unaona maandishi yake. Ukibofya picha juu, chini mstari wake unawaka. Ukifuta neno chini, juu linapotea. Kwakweli mi sikufundishwa HTML na mtu yeyote, nilifundishwa na ule mgawanyo wa skrini, nabofya juu natazama chini, nabofya juu natazama chini, wiki ya pili nikawa nakisia kabla sijatazama itaandika nini na mara nyingi napatia. Ndo maana nawaambia burutani, lakini kila siku mfungue muone ndani. Hata kama programu yako haina mgawanyo, kwenye kompyuta bofya kulia juu ya ukurasa chagua Inspect, yote utayaona pale.

Na ukifungua ndani utakuta nini? Maboksi. Ukurasa wowote wa wavuti duniani ni maboksi, kichwa cha habari ni boksi, aya ni boksi, picha ni boksi, batani ni boksi. Kila boksi lina nafasi yake ya ndani, lina mpaka wake, na lina nafasi ya nje. Fikiria nyumba. Kitanda kipo ndani, kati ya kitanda na ukuta kuna upenyo, hiyo ndo pedingi. Ukuta wenyewe ndo mpaka. Alafu kati ya ukuta wako na ukuta wa jirani kuna uchochoro, hiyo ndo marjini. Watu wanahangaika wiki nzima batani imebanana, maandishi yamegusa ukingo, wanabonyeza spesi, wanabonyeza enta mara kumi ili kusukuma kitu chini, kumbe walitakiwa waulize swali moja tu, nataka upenyo wa ndani au uchochoro wa nje? Ukishajua hilo nusu ya maumivu yako yameisha.

Alafu maboksi yanabebana. Hapa sisi watu wa Kusini tuna mwalimu wetu, tena yuko hapa hapa. Mmeona kile kinyago cha Kimakonde kinachoitwa ujamaa, gogo moja la mpingo, watu wamepandana, huyu kasimama kwenye mabega ya yule, mtoto kashikilia mgongo wa bibi, juu kabisa kuna mmoja kabeba kitu. Mchongaji anajua akimkata vibaya wa chini, wa juu wote wanaenda. Ukurasa uko hivo. Boksi kubwa limebeba la kati, la kati limebeba madogo matatu, ukilisogeza kubwa yote yanasogea, ukilificha kubwa yote yanapotea, na hapo ndo mtu anapiga kelele "programu imenifutia kazi yangu", haijafuta, umemsogeza wa chini. Pembeni ya programu karibu zote kuna orodha inaonyesha nani kambeba nani. Ifungue iache wazi muda wote. Wengi wanaifunga eti inakula nafasi, nawaomba msiifunge.

Sasa nawasimulia kosa langu, na linaniuma mpaka leo. Nilipata kazi ya kwanza ya kulipwa, tovuti ya nyumba ya wageni kule kule Lindi, mwenyewe mzee wa watu, mstaarabu, kanipa na advansi. Programu niliyotumia wakati ule ilikua inakuruhusu kuweka kitu popote kwenye skrini, yaani popote kabisa, kama unabandika karatasi ukutani. Nikabandika. Bei hapa, picha ya chumba pale, batani ya kupiga simu kule kulia. Kwenye kioo kikubwa cha kafe ilipendeza sana. Nikamuita mzee, akaja, akafurahi, akatoa simu yake ili amuonyeshe mwanae aliyeko Dar, akafungua. Bei zimelala juu ya picha. Maandishi yamepandana hayasomeki. Batani ya kupiga simu haipo kabisa. Mzee akaniangalia tu, hakusema neno baya, akasema "mwanangu, wageni wangu wote wanatumia simu".

Nilirudi nikafungua ndani kwa mara ya kwanza kwa hasira ya kutaka kuelewa, nikakuta programu imeandika kwa kila kitu nilichobandika: wewe kaa pikseli (vile vidoti vya skrini) 640 kutoka kushoto, wewe kaa pikseli 200 kutoka juu. Sasa simu nyingi za Android, kwa hesabu ya browsa, upana wake ni kama pikseli 360. Unamwambia mtu akae namba 640 kwenye nyumba inayoishia 360, anakaa wapi? Nje! Batani ilikua nje ya simu. Programu haikukosea, iliandika kile nilichoiambia, mi ndo sikujua nimeiambia nini.

Dawa yake ni kuacha maboksi yafuatane yenyewe, moja chini ya lingine, kama foleni, alafu ukitaka yakae pembeni kwa pembeni unatumia fleksiboksi au gridi, njia mbili za CSS za kupanga maboksi, ambazo zinajua kujipanga upya upana ukipungua. Mwaka 2010 kuna mbunifu Mmarekani anaitwa Ethan Marcotte ndo aliandika wazi kwamba ukurasa mmoja uweze kujibadili kufuata skrini, na leo programu nyingi za kuburuta zina vile vitufe vya simu, tableti na kompyuta juu kwa ajili hiyo. Mi nawashauri muanze kwenye simu. Jenga ya simu mpaka ikupendeze, ndo uende kwenye kompyuta. Wengi wanafanya kinyume chake na ndo maana tovuti za maduka yetu mengi ukizifungua kwenye simu unavuta kushoto kulia kama unatafuta mtandao.

Kitu kingine ni rangi na fonti. Ukibadilisha rangi ya batani moja kwa kuibofya, umebadilisha hiyo moja tu. Zikiwa batani ishirini utabofya mara ishirini, na utasahau mbili, kila siku nazikuta hizo mbili. Kuna kitu kinaitwa klasi, kazi yake ni kama sare ya shule. Husemi Juma avae shati jeupe, Asha avae shati jeupe, unasema shule hii shati ni jeupe, basi. Mwaka ukibadili sare wote wanabadilika siku moja. Jifunze klasi wiki ya kwanza, usisubiri.

Na vichwa vya habari, jamani. Kuna kichwa namba moja mpaka namba sita. Msivichague kwa ukubwa wa herufi! Namba moja ni jina la ukurasa, namba mbili ni sehemu zake, namba tatu ni vipande vya ndani ya sehemu. Mtu asiyeona anatumia programu inayomsomea skrini kwa sauti, na anaruka kutoka kichwa kwenda kichwa kama we unavyopitisha macho, ukiwa umechagua namba nne kwa sababu tu "inakaa vizuri" umemvunjia ngazi. Vilevile picha, kuna sehemu ya kuandika maelezo ya picha, andika, mstari mmoja tu, "mifuko ya korosho zilizobanguliwa juu ya meza", inatosha.

Picha zenyewe sasa. Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo tunawaibia watu bando zao. Picha moja ya simu za sa hivi inakua na MB 3 mpaka 5. Umeenda Msimbati umepiga picha nzuri nane, umeziburuta zote kwenye ukurasa wa mwanzo, tuseme kila moja MB 4, hiyo ni MB 32 kabla mtu hajasoma neno. Mtu yuko Tandahimba amenunua bando la siku, anafungua ukurasa wako anasubiri, anasubiri, anafunga. Na amelipa. Punguza upana wa picha uwe pikseli 1200, isevu kwa WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi), jitahidi isizidi KB 150, zote nane zitakua MB 1.2 hivi. Macho hayataona tofauti kwenye simu. Kuna programu zinakupunguzia zenyewe na kuna ambazo hazikupunguzii, usikisie, fungua uone faili lina uzito gani.

Sasa hayo yote ni ya ndani ya programu. Kuna la kabla ya kufungua programu, na kwangu ndo kubwa kuliko yote.

Wazee hapa wanaujua ule mpango wa karanga wa Waingereza. Walikuja na matrekta Kongwa, Urambo, na huku kwetu Nachingwea, wakafyeka mapori, wakaweka reli, bandari yetu hii ilianza kujengwa kwa sababu ya zile karanga, na Januari 1951 serikali yao ikatangaza basi, imeshindikana, fedha nyingi sana zimeenda. Walikua na mashine za kila aina. Walianza kabla hawajaujua udongo na mvua za watu. Hizi templeti, yaani kurasa zilizopangwa tayari unazojaza tu, ndo matrekta yetu. Unafungua programu, unachagua templeti nzuri ina picha ya Mzungu anakunywa kahawa, alafu ndo unaanza kutafuta nini cha kujaza kwenye yale maboksi. Hapana. Udongo kwanza.

Udongo ni nini? Nenda kakae na mwenye biashara. Kuna mama yuko hapa leo, simtaji jina maana sijamuomba, anabangua korosho na wenzake nyumbani. Nilikaa nae barazani kwake asubuhi moja kabla sijagusa laptopu, nikamuuliza wateja wakikupigia wanauliza nini? Akasema wanauliza vitu vinne: una W ngapi, kilo bei gani, unatuma Dar kwa basi gani, na ni za msimu huu au za mwaka jana. Yaani vitu vinne! W ni ile daraja ya korosho nzima, W240 ni kubwa kuliko W320, maana namba ni idadi ya punje zinazoingia kwenye ratili moja. Mimi mtoto wa Kusini nimekula korosho maisha yangu yote hilo sikulijua, amenifundisha yeye. Ningechagua templeti ningemuwekea "Karibu kwenye tovuti yetu" na picha zinazozunguka, na hakuna mteja hata mmoja anayeuliza hivo. Ukurasa wake una maneno kama mia mbili na una majibu manne juu kabisa, na batani ya kupiga simu iko ndani ya simu.

La haraka haraka kuhusu umiliki. Domeini, yaani anwani ya tovuti, isajiliwe kwa jina la mwenye biashara, siyo lako wewe fundi. Za kwetu zinaishia na .tz, biashara .co.tz, taasisi zisizo za faida .or.tz, unazipata kwa wasajili walioruhusiwa, na zinasimamiwa chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Namjua mtu duka lake lilipoteza anwani iliyoandikwa kwenye gari, kwenye mifuko na kwenye risiti kwa sababu aliyemtengenezea alisajili kwa barua pepe yake binafsi alafu akahama mji, simu haipatikani. Na kabla hujachagua programu uliza, nikitaka kuondoka naondoka na nini? Zipo zinazokupa faili zako zote, zipo ambazo ukiacha kulipia umeacha na kazi. WordPress yenyewe ni huria, unaweza kuihamisha kutoka hosti (kampuni inayokutunzia tovuti) moja kwenda nyingine, ndo maana nawaanzishia hiyo, siyo kwamba ndo rahisi kuliko zote, siyo rahisi.

Kuna swali lililetwa kwenye karatasi, linasema "kaka mi sina laptopu nina simu tu, nifanyeje". Nilitegemea litakuja. Ukweli ni kwamba kuburuta maboksi yaliyobebana kwa kidole kwenye kioo cha simu ni tabu, utakata tamaa na kosa siyo lako. Lakini simu yako inaweza kuandika faili la maandishi, programu za kuandikia zipo za bure, andika mistari kumi ya HTML, isevu iishie na .html, ifungue na browsa ya simu, ukurasa wako huo hapo, bila bando hata moja. Kwahiyo we usiye na laptopu utaanzia ndani uje nje, mwenzako mwenye laptopu anaanzia nje aende ndani, na mimi nawataka mkutane, ndo maana leo nimesema mkae wawili wawili, mmoja mwenye laptopu na mmoja asiyekua nayo. Yule wa meseji ya aibu nae yupo humu, nimemuona, leo atakaa na mmoja wa wale wanaoandika.

Basi tusogeze viti. Laptopu msifungue bado, chukueni karatasi na penseli, chora simu, yaani mstatili tu umesimama, ndani yake chora maboksi ya ukurasa wa muuza korosho na uandike kila boksi limebebwa na nani. Mama ametuletea mifuko mitatu, W180, W240 na W320, iko pale mezani karibu na dirisha ambapo kuna mwanga mzuri. Wawili wa kwanza kumaliza kuchora ndo watapiga picha, na kabla hawajaiweka popote waniambie ina MB ngapi.